Kuripoti masuala ya kijamii kwa uhalisia pepe na uhalisia ulioboreshwa: mwongozo kamili kwa waandishi na wahariri

Mwaka 2012, katika tamasha la filamu la Sundance nchini Marekani, watazamaji walivaa kifaa cha majaribio kichwani wakajikuta wamesimama kwenye foleni ya chakula cha msaada mjini Los Angeles. Foleni ilikuwa ndefu, na mtu mmoja mwenye kisukari akaishiwa nguvu na kuanguka kabla zamu yake haijafika. Sauti zilikuwa halisi, zimerekodiwa pale pale tukio lilipotokea, ila watu waliokuwa wakionekana walikuwa wamechorwa kwa kompyuta. Kazi hiyo, Hunger in Los Angeles ya mwandishi wa habari Nonny de la Peña, iliacha swali ambalo kila chumba cha habari kinachoingia katika uwanja huu hukutana nalo: kipi ni ushahidi, kipi tumekijenga wenyewe, na msomaji atajuaje tofauti yake?

Mwongozo huu unafuata kazi moja tangu wazo hadi hifadhi, na unamlenga mwandishi au mhariri anayejua kuripoti lakini si fundi wa kompyuta. Vyombo vinavyozungumziwa ni vitatu, na kuvichanganya ndiko kunakozaa mipango mibaya. Cha kwanza ni video ya nyuzi 360, ambamo kamera hurekodi pande zote kwa wakati mmoja na mtazamaji hugeuza kichwa kuangalia anakotaka, ingawa hawezi kupiga hatua kutoka pale kamera iliposimama. Cha pili ni uhalisia pepe uliojengwa kwa modeli za pande tatu, ambamo mtazamaji anaweza kutembea, kuinama na kuchungulia nyuma ya mlango. Cha tatu ni uhalisia ulioboreshwa, ambao haumtoi msomaji alipo, bali humletea kitu kupitia skrini ya simu kikakaa juu ya sakafu yake kwa vipimo vyake halisi.

Hatua ya kwanza: uliza kama mahali penyewe ni habari

Mhariri asianze kwa kuuliza habari inagusa hisia kiasi gani. Aulize hivi: msomaji akisimama hapa, ataelewa jambo gani ambalo aya moja iliyoandikwa vizuri na picha moja haviwezi kumweleza? Majibu yenye uzito kwa kawaida yanahusu vipimo na mpangilio wa mahali, kama vile udogo wa chumba, msongamano, umbali, kimo cha maji, giza, kelele, au kizuizi kilicho kati ya mtu na huduma anayoihitaji. Gazeti la The Guardian lilipotengeneza 6x9 mwaka 2016, kuhusu kifungo cha upweke katika magereza ya Marekani, lilimweka mtazamaji ndani ya seli ya futi 6 kwa 9, yaani takriban mita 1.8 kwa 2.7. Tarakimu hizo katika maandishi hupitwa haraka, lakini mtu aliyeketishwa ndani ya seli hiyo, akaona jinsi kitanda na choo vinavyogombea nafasi, hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Kinyume chake, habari ya ufisadi katika zabuni, ya mabadiliko ya sheria au ya makato ya pensheni hukaa ndani ya nyaraka. Kumvalisha msomaji miwani ya uhalisia pepe ili atazame ofisi yenye mafaili ni kumpotezea muda.

Hapa sina budi kupinga kauli iliyozoeleka. Mwaka 2015 mtengenezaji filamu Chris Milk aliusifu uhalisia pepe kuwa mashine kuu ya kuzalisha huruma, baada ya yeye na Gabo Arora kutengeneza Clouds Over Sidra kwa ajili ya Umoja wa Mataifa, kazi inayomfuata msichana wa miaka 12 katika kambi ya wakimbizi ya Zaatari nchini Jordan. Mwanasaikolojia Paul Bloom aliandika mwaka 2017 kupinga dai la namna hiyo: adha ya ukimbizi, kwa hoja yake, haiko katika mandhari ya kambi bali katika hofu na wasiwasi wa kulazimika kukimbia kwenu, na mtazamaji anaweza kuivua miwani wakati wowote. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Ni kweli kwamba utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2018 ulionesha kuwa watu waliopitia hali ya kukosa makazi ndani ya uhalisia pepe walikuwa tayari zaidi kutia saini ombi la kuunga mkono nyumba za bei nafuu kuliko wale waliosoma simulizi yake. Hilo lina maana kubwa kwa mwanaharakati, ila mwandishi wa habari hakutumwa kukusanya saini. Ametumwa kumpa msomaji ufahamu sahihi wa mahali na wa watu waliomo, na hisia zikija zije zenyewe.

Hatua ya pili: chagua chombo kulingana na jibu

Ikiwa mahali papo, panaingilika, na watu waliopo wanataka kuzungumza, video ya nyuzi 360 inatosha, na ndiyo nafuu kuliko vyote. Ikiwa mahali pamebomolewa, pamefungwa au ni hatari, jenga modeli. Ikiwa hoja nzima imo katika kitu kimoja au kipimo kimoja, tumia uhalisia ulioboreshwa. Mwezi Julai 2018, wakati wa uokoaji wa vijana waliokwama pangoni nchini Thailand, The New York Times lilitumia uhalisia ulioboreshwa kuuweka wembamba wa njia za pango katika chumba cha msomaji. Hapo kipimo ndicho kilichokuwa habari.

Kumbuka pia kwamba wasomaji wengi hawana miwani. Gazeti hilohilo lilipotoa The Displaced mwezi Novemba 2015, kuhusu watoto watatu waliong'olewa makwao na vita katika Sudan Kusini, Syria na Ukraine, lilisambaza kwa wasomaji wake zaidi ya vifaa milioni moja vya Google Cardboard, vile vya boksi la karatasi ngumu ambamo simu huchomekwa. Chumba cha habari cha kawaida hakina uwezo huo, kwa hiyo panga tangu mwanzo kwamba walio wengi wataitazama kazi yako kwenye simu, wakiizungusha picha kwa kidole.

Usiitegemee teknolojia hii ibebe habari peke yake. Mradi wa The Wall wa The Arizona Republic na USA Today Network, kuhusu mpaka wa Marekani na Meksiko, uliopata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2018, ulichanganya makala, video, sauti, ramani na uhalisia pepe, kila kimoja kikifanya kazi ambayo kingine kisingeweza kuifanya.

Hatua ya tatu: ridhaa na usalama, kabla kamera haijatoka mkobani

Hatua hii inahitaji muda mrefu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Kamera ya kawaida ina nyuma yake. Mpiga picha anaweza kumwelekezea mtu aliyekubali na kumwacha nje ya fremu yule asiyetaka. Kamera ya nyuzi 360 haina nyuma: inamchukua mhojiwa, na jirani aliyepita, na mtoto aliyelala kwenye kona, na cheti kilichotundikwa ukutani chenye jina kamili, na namba ya gari lililoegeshwa nje ya dirisha. Kwa hiyo ridhaa ya mhojiwa mmoja haitoshi. Kila anayeweza kuonekana aambiwe, na mahali pakague kabla ya kurekodi: zunguka taratibu nyuzi 360, ukiandika kila kitu kinachotaja mtu, anwani au taasisi, kisha kiondoe au kifunike kwa idhini ya wenyewe.

Ridhaa haina maana ikiwa mtu hajui anachokiridhia. Watu wanajua picha ya gazeti ni nini. Wengi hawajui maana ya mgeni kusimama katikati ya chumba chao na kutazama huku na huku anavyotaka. Njia bora ni kwenda na miwani au simu yenye video nyingine ya aina hiyo, ukampa mhojiwa aitazame kabla hujamwomba chochote. Baada ya hapo mweleze kazi itaonekana wapi, kwa muda gani, nani ataweza kuipakua, na hadi siku gani anaweza kujitoa. Ahadi ya kumwondoa mtu baada ya kuchapisha usiitoe kama huwezi kuitimiza, kwani faili iliyokwisha kusambaa hairudi. Kwa mtoto, idhini ya mzazi au mlezi ni ya lazima, lakini mtoto mwenyewe akisita, acha.

Kuficha utambulisho kuna ugumu wa pekee. Kuutia ukungu uso unaosogea katika picha iliyounganishwa kutoka lenzi mbili huacha mianya, hasa mtu anapovuka mstari wa muungano, yaani pale picha za lenzi hizo zinapokutana, na mavazi, mwendo na sauti vinabaki vilevile. Mtu anayehitaji kufichwa asirekodiwe kabisa kwa kamera hii. Chukua sauti yake peke yake, ibadilishe, na uiweke juu ya mandhari tupu.

Modeli za pande tatu zina hatari nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Tuseme unaripoti kuhusu nyumba ya hifadhi ya wanawake waliokimbia ukatili, na unakipiga picha chumba kimoja ili ujenge modeli yake. Ulichokitengeneza ni ramani: mlango uko upande gani, dirisha lina kimo gani, kitasa ni cha aina gani, na kupitia dirishani linaonekana paa la jengo la jirani ambalo mwenyeji wa eneo hilo atalitambua mara moja. Mahali pa namna hiyo pasitengenezewe modeli inayofanana napo. Jenga chumba cha mfano pamoja na wakazi wenyewe, na useme wazi kwamba ni cha mfano.

Neno moja kuhusu kamera iliyoachwa peke yake. Kwa kuwa mpiga picha naye ataonekana, mazoea ni kuwasha kamera kisha kujificha. Kamera iliyowashwa katikati ya watu bila mwenyewe kuonekana inakaribia mno kurekodi kwa siri, kwa hiyo tangaza kwa sauti inapowashwa na inapozimwa, na mwache mtu mmoja wa timu aonekane karibu nayo.

Hatua ya nne: kurekodi

Pale unapoisimamisha kamera ndipo msomaji atakaposimama, na kimo cha kamera ndicho kimo cha macho yake. Chukua mfano wa wodi ya wazazi ambamo wanawake wawili wanalala kitanda kimoja. Kamera ikiwa mita 1.6 juu ya sakafu, kwenye njia ya kati, msomaji anakuwa daktari anayepita akiwatazama kutoka juu. Ishushe hadi sentimita 80, kati ya vitanda viwili, naye anakuwa mgonjwa mwingine: anaona miguu ya wanaopita, anaona jinsi mgongo wa mmoja unavyogusa ukingo wa kitanda, na anagundua kwamba hakuna pa kumweka mtoto. Uamuzi huo ni wa kihariri, kwa hiyo ufanywe na mwandishi wala usiachiwe fundi. Mwaka 2017 Mark Zuckerberg, mkuu wa Facebook, aliomba radhi baada ya kujionesha, akiwa katika umbo la katuni, akiitembelea kwa uhalisia pepe Puerto Rico iliyokuwa imeharibiwa na kimbunga Maria. Picha za maafa zilikuwa za kweli. Kilichowaudhi watu ni aina ya mgeni aliyeingizwa ndani yake.

Mambo ya kifundi ni machache lakini hayasamehe. Mhojiwa akae kati ya mita 1.2 na 2.5 kutoka kwa kamera: akisogea karibu zaidi, mstari wa muungano unaweza kumkata uso, akiwa mbali zaidi, anakuwa mdogo mno. Lenzi moja imwelekee yeye moja kwa moja, na mstari wa muungano uangukie ukutani au mahali pasipo na mtu. Kamera isisogee. Mwendo ambao mwili wa mtazamaji hauuhisi ndio chanzo kikuu cha kichefuchefu, na mtazamaji aliyetapika hakumbuki hoja yako. Kila tukio liache lidumu angalau sekunde 30, kwa sababu mtu huhitaji muda kuzunguka kabla ya kutulia.

Usidanganywe na ukubwa wa picha unaoandikwa kwenye kasha la kamera. Picha ya 5.7K ina pikseli 5,760 kwa mzunguko mzima, na mtazamaji huona takriban robo yake kwa wakati mmoja, yaani pikseli 1,440. Kamera ya 4K humwachia pikseli 960 tu, na maandishi madogo ukutani hayatasomeka. Kadi ya kumbukumbu nayo hujaa upesi: kurekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde hula megabaiti 750 kila dakika (megabiti nane ni megabaiti moja), hivyo dakika 10 ni gigabaiti 7.5.

Sauti hupewa nafasi ya mwisho katika mipango mingi, ilhali ndiyo inayomwongoza mtazamaji ageukie wapi. Mvalishe mhojiwa maikrofoni ndogo ya nguoni, na chini ya kamera weka maikrofoni ya ambisoniki, ambayo hurekodi sauti kwa chaneli nne ili kelele ya mlango ibaki upande wa mlango hata msomaji anapogeuza kichwa. Rekodi pia dakika mbili za ukimya wa mahali hapo. Utazihitaji wakati wa kuhariri.

Hatua ya tano: kujenga upya mahali au tukio

Modeli ikitoka katika picha halisi, njia ya kawaida ni fotogrametria, yaani programu kuunganisha picha nyingi za kawaida kuwa umbo la pande tatu. Piga picha nyingi, kila moja ikirudia asilimia 60 hadi 80 ya eneo la iliyotangulia, ukizunguka katika vimo viwili au vitatu, na uweke sakafuni kitu chenye urefu unaojulikana ili modeli ipate kipimo sahihi. Vioo, maji na kuta tupu zisizo na alama huisumbua programu. Huko utategemea vipimo vya futikamba.

Pale pasipo na picha, unajenga kwa ushuhuda, na hapo uangalifu uongezeke mara mbili. Mwaka 2016 shirika la utafiti la Forensic Architecture, kwa kushirikiana na Amnesty International, lilijenga modeli ya gereza la Saydnaya nchini Syria, ambalo waandishi hawakuweza kuingia. Manusura wengi walikuwa wamefungwa macho au wamewekwa gizani, hivyo watafiti walitumia kumbukumbu za sauti, kama vile mwangwi wa hatua, milango na makufuli, kukadiria ukubwa wa vyumba na korido. Somo la kifundi hapo ni kwamba kila ukuta ulikuwa na chanzo chake.

Fanya vivyo hivyo. Tengeneza jedwali ambamo kila kitu kilichomo katika modeli kimeandikiwa kilikotoka: picha, hati, shahidi mmoja, mashahidi wawili wasiojuana, au makisio. Kisicho na chanzo kibaki cha kijivu, bila rangi wala umbile. Kishawishi cha kuongeza ndoo, blanketi au doa la damu ili chumba kipendeze machoni ni kikubwa, hasa siku hizi ambapo akili unde inaweza kujaza pengo lolote kwa sekunde chache. Blanketi ambalo hakuna aliyelitaja ni uongo, hata kama karibu na hilo kuna mambo 20 ya kweli. Tofauti ya rangi ielezwe mwanzoni mwa kazi kwa sentensi moja, wala isifichwe kwenye maelezo ya mwisho.

Hatua ya sita: kuhariri

Anza kwa kuunganisha picha za lenzi na kukagua mstari wa muungano fremu kwa fremu pale watu wanapouvuka. Stendi ya kamera unaweza kuifunika kwa duara la rangi moja; kumfuta mtu aliyekuwapo ni jambo jingine, na ukilifanya, hata kama uliyemfuta ni wewe mwenyewe, msomaji aambiwe. Panga mikato ili kitu muhimu cha tukio linalofuata kiwe upande uleule ambao mtazamaji alikuwa akitazama. Dakika tano hadi nane zinatosha. Msimulizi aseme yale ambayo macho hayawezi kuyaona, kama vile tarehe, sheria, nani anawajibika na alipoulizwa alijibu nini, kwani kazi inayoonesha mateso bila kumtaja mwenye dhamana ni nusu ya habari.

Hatua ya saba: uhalisia ulioboreshwa

Kazi hapa ni fupi. Chagua kitu kimoja, kitengeneze kwa kipimo chake halisi, na ukijaribu kwa futikamba sakafuni. Mafuriko yaliyofika mita 1.8 yaoneshwe kwa uso wa maji unaokaa mita 1.8 juu ya sakafu ya msomaji. Usiyapunguze yaenee kwenye skrini. Tumia njia inayofunguka ndani ya kivinjari bila kupakua programu: simu za Android husoma modeli zilizohifadhiwa kama faili za GLB, na iPhone husoma zile za USDZ, kwa hiyo andaa zote mbili, na faili isizidi megabaiti chache. Usitumie uhalisia ulioboreshwa kuonesha miili, majeraha au watoto. Kitu kinachoweza kuwekwa sebuleni kinaweza pia kupigwa picha kwa mzaha, na huna namna ya kuzuia.

Hatua ya nane: kuchapisha

Kabla ya umma kuiona, waoneshe waliorekodiwa na watu wawili watatu wa jamii husika ambao hawakushiriki, ukiwauliza kipi si sahihi. Kisha ijaribu kwenye simu ya kawaida yenye mtandao hafifu. Video ya dakika tano kwa megabiti 20 kwa sekunde ni megabaiti 750, mzigo ambao wasomaji wengi hawataubeba, kwa hiyo andaa toleo jepesi, toleo la video bapa ya kawaida, na makala inayojitegemea kwa asiyeona, asiyesikia au anayepata kizunguzungu. Manukuu, yaani maandishi ya maneno yanayosemwa, yarudiwe katika pande tatu ili yasomeke popote mtazamaji anapotazama. Onyo la maudhui mazito litangulie, na njia ya kutoka ionekane muda wote, kwa kuwa kwa mtu aliyepatwa na jambo lilelile, kuzungukwa nalo si sawa na kulisoma. Na kama mfumo unaotumia unakusanya taarifa za mtazamaji ameangalia wapi, zima kipengele hicho.

Hatua ya tisa: kuhifadhi

Majukwaa haya hufa upesi. Google iliacha kuuza Cardboard mwaka 2021, na Meta ilifunga Meta Spark, chombo kilichotumika kutengeneza athari za uhalisia ulioboreshwa kwenye Instagram na Facebook, mwezi Januari 2025. Kazi zilizoitegemea zikaondoka nayo. Hifadhi picha ghafi za kila lenzi, video iliyounganishwa, chaneli za sauti zikiwa hazijachanganywa, modeli katika umbizo la wazi la glTF, jedwali la vyanzo na fomu za ridhaa, katika nakala mbili zilizo mahali tofauti, na fomu zisikae kwenye diski moja na picha. Andika pia tarehe ya kupitia upya kila ridhaa. Ikifika, mtafute aliyeitoa umuulize kama angali anakubali kuonekana, na akikataa, tukio lake liondolewe kabla kazi haijahamishiwa kwenye jukwaa jipya.